Motokaa nyeusi haifichi siri ya mkono

Nina deni, na leo nataka kulilipa mbele ya kadamnasi. Mdai wangu si benki wala si mwenye duka. Ni kijana mmoja aoshaye magari kando ya barabara karibu na Tononoka, hapa Mombasa, ambaye nilimtuhumu kwa kosa asilolitenda, nikamtolea maneno mazito mbele ya wenziwe, kisha nikawaambia na majirani wasimpe kazi. Kosa lenyewe lilikuwa langu mimi. Nilikuja kulijua baadaye, na aliyetoa ushahidi hakuwa mtu. Lilikuwa paa la motokaa.

Msomaji atauliza, paa la motokaa latoaje ushahidi? Na nianze mwanzo.

Kaka yangu, Mungu amrehemu, alipofariki aliacha mjane, binti mmoja aliye chuo kikuu, vyombo vya nyumbani katika nyumba ya kupanga huko Tudor, na motokaa moja nyeusi. Ilikuwa Toyota ya mtumba iliyotoka Japani, kama zilivyo nyingi zishukazo bandarini kwetu. Hiyo motokaa aliipenda kama mboni ya jicho. Kwa hesabu ya mirathi mjane ana thumni, binti ana nusu, na kinachobaki ni cha ndugu. Fungu langu niliazimia kumwachia binti, kwani karo ilikuwa mlangoni inabisha. Lakini shemeji yangu alikuwa eda, miezi minne na siku kumi, na sikuona vyema kuleta wanunuzi uani kwa mtu aliyefiwa. Tukakubaliana kwamba motokaa ingoje chini ya mwarobaini mpaka eda itimie, na mimi nitaitunza.

Nami niliitunza, wasomaji. Kila siku baada ya sala ya alasiri nilipitia pale nikatoa kitambaa mfukoni, fulana kuukuu ya marehemu mwenyewe, nikapangusa vumbi la kutwa. Boneti, milango, buti, zote nikazisugua kwa mzunguko mpaka zikang'aa. Kila Ijumaa asubuhi niliiosha kwa ndoo moja ya maji, sabuni ya unga na kitambaa kile kile. Yaliyokuwa yakinisonga moyoni niliyatoa kwa njia ya mkono. Mara mbili tu niliposhikwa na homa ndipo nilipomwita yule kijana wa Tononoka aje aoshe badala yangu.

Eda ikatimia, mnunuzi akaja. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, asiye na maneno mengi. Aliomba motokaa itolewe kivulini. Ilikuwa saa sita, jua la utosi. Alizunguka mara moja, akainama usawa wa boneti, akafumba jicho moja kama mtu alengaye shabaha, kisha akaniita.

"Mzee, hebu tazama."

Nikatazama. Pale nilipozoea kuuona uso wangu kama niuonavyo kiooni, niliona utando wa buibui. Nyuzi nyembamba, maelfu kwa maelfu, zimelizunguka jua lililomo ndani ya boneti. Milangoni vile vile. Butini vile vile. Chini ya mwarobaini sikuwahi kuziona hata siku moja.

"Gari hili limesuguliwa mchanga," akasema mnunuzi. Bei tuliyokuwa tumeafikiana akaipunguza Sh80,000 papo hapo. Sikumlaumu. Lakini hizo zilikuwa karo ya binti.

Nilitoka pale damu inachemka, nikaenda moja kwa moja hadi Tononoka. Niliyoyasema sitayarudia hapa. Yule kijana alisimama na ndoo yake mkononi, akainamisha kichwa, hakujibu hata neno moja. Nami nikauchukua ule unyamavu wake kuwa ni kukiri.

Ushahidi wa paa

Siku ya pili nilimwendea fundi mmoja mzee wa kupuliza rangi za magari, mtu aliyeifanya kazi hiyo tangu ujana wake hata ndevu zimekuwa pamba. Nilitaka anipe makadirio ya kutengeneza. Alikuja na tochi ndogo. Alimulika boneti, akatikisa kichwa. Akamulika mlango wa dereva, akatikisa kichwa. Kisha akapanda juu ya kigoda, akamulika paa, akanyamaza kitambo.

"Ustadhi," akaniuliza, "ni nani apangusaye hii motokaa kila siku?"

"Ni mimi."

"Na paa hulipangusa?"

Wanijuao wanajua kwamba Mola hakuniumba mrefu. Paa nilikuwa siliwezi, na vumbi la paani halionekani na mtu aliyesimama chini, kwa hiyo nililiacha.

"Na huyo kijana unayemlaumu, je, aliliosha paa?"

Nikakumbuka. Yule kijana ni mrefu kama mvumo. Mara zote mbili alianzia paani.

"Basi panda uone," akasema yule mzee, akanishika mkono nikapanda kigodani. Paa lilikuwa safi. Lilikuwa jeusi kama kisima usiku, na tochi ilisimama ndani yake kama nyota moja, isiyo na uzi hata mmoja pembeni. Palipopita mkono wa kijana peke yake palisalimika. Palipopita mkono wangu wenye mapenzi ndipo palipoharibika.

Chambilecho wahenga, majuto ni mjukuu. Nilimwomba yule mzee anifunze, naye akanifunza kwa siku mbili. Hayo aliyonifunza, pamoja na niliyoyasoma baadaye, ndiyo ninayotaka kuwapa wasomaji wangu, maana najua siko peke yangu. Pita mtaa wowote asubuhi, utamwona muungwana ameshika kitambaa kikavu, anapangusa umande na vumbi kwa bidii, huku akidhani anaienzi mali yake.

Kwa nini nyeusi

Rangi ya motokaa za siku hizi si tabaka moja. Juu ya bati kuna rangi ya msingi, ya kuzuia kutu. Juu ya hiyo kuna rangi yenyewe, iwe nyeusi au nyekundu. Na juu kabisa kuna tabaka angavu lisilo na rangi, mithili ya kioo, ambalo mafundi wetu huliita klia. Motokaa za zamani nyingi hazikuwa nalo. Ulipozipiga polishi kitambaa kilitoka na rangi ya gari lenyewe. Mtindo wa klia ulianza kuenea katika miaka ya 1980, na leo karibu kila gari linalo.

Hiyo klia ndiyo inayong'aa, na ndiyo inayokwaruzika. Unene wake kwa kawaida ni kama mikroni 40 au 50, na mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Unywele wa kichwani aghalabu ni mnene kuliko hivyo. Kwa hiyo, msomaji, ule mng'aro unaojivunia mbele ya watu unasimama juu ya kitu chembamba kuliko unywele.

Sasa uitazame silaha. Mwaka 1812 mtaalamu wa madini aitwaye Friedrich Mohs alipanga mawe kwa ugumu wake kutoka 1 hadi 10, ambapo almasi ni 10. Katika ngazi hiyo jiwe liitwalo kwatsi lina 7, na kwatsi ndiyo iliyojaa katika mchanga wa nchi kavu na wa mito. Hilo hukwaruza kioo, hukwaruza na kisu. Klia haina ubavu nalo. Hata mchanga mweupe wa pwani yetu, ambao sehemu yake kubwa ni masalio ya matumbawe na makombe na ni laini kuliko kwatsi, nao bado watosha kuiumiza. Motokaa ya marehemu ilikuwa ikienda Malindi na kurudi, ikifika karibu na Sabaki ambao hushusha udongo mwekundu wa bara hadi baharini. Ilikuwa ikipanda Voi, ikirudi imejaa vumbi kama aliyetoka shambani. Chembe moja ya vumbi hilo ikikaa juu ya klia haina madhara. Lakini ibane chini ya kitambaa, uiburure kwa nguvu za kiganja, na umekwisha kuandika.

Hapo basi ndipo ilipo siri nzima. Uchafu uliotulia haukwaruzi. Unaokwaruza ni mkono uuburutao.

Ama kuhusu weusi, watu husema kwamba gari jeusi hukwaruzika upesi kuliko jeupe. Si kweli. Klia ni ile ile. Tofauti ni kwamba mkwaruzo hurudisha mwanga, na mwanga juu ya weupe hauonekani, bali juu ya weusi huonekana kama uzi wa fedha juu ya buibui. Mwenye gari jeupe anayo mikwaruzo hiyo hiyo, ila rangi imemsitiri.

Na ule utando wa duara? Nilidhani ni ile mizunguko ya mkono wangu. Yule mzee akacheka. Mikwaruzo, akasema, imekwenda kila upande, lakini jicho huiona ile tu iliyolala kuuzunguka mwanga, kwa sababu ndiyo inayourudisha machoni. Sogea hatua moja kushoto, utaona na utando umesogea pamoja nawe. Nilijaribu, nikaona kweli umenifuata. Wallahi niliona haya, kama mtu anayefuatwa na deni.

Maji kwanza

Utotoni nilisoma chuoni kwa mwalimu aliyekuwa bado anatuandikia kwenye mbao. Ubao ulipakwa chokaa, ukaandikwa kwa wino wa masizi, na somo likihifadhiwa uliuosha ili uandikiwe jingine. Mtoto mwenye pupa aliusugua ubao ukiwa mkavu, akaitoa chokaa yote na kuuacha na makovu. Mwalimu alikuwa na neno moja kwa watoto hao, na fimbo kando yake. Akisema, "Maji kwanza, mkono baadaye."

Yule fundi aliponiambia neno lile lile, bila ya kujua kwamba nililisikia miaka arubaini na zaidi iliyopita, nilibaki nikimwangalia tu. Basi haya ndiyo maji kwanza, na huu ndio mkono baadaye.

Mosi, osha kivulini na bati likiwa limepoa. Asubuhi mapema au jua likikaribia kutua. Jua la Mombasa hukausha sabuni kabla hujaisuuza, na maji yakikauka huacha madoa meupe ya chumvi zake. Wenye visima vya maji ya chumvi wanalijua hilo. Kisima kikatae, au kitumie kwa kuanzia tu, halafu usuuze mwisho kwa maji ya bomba au ya mvua.

Pili, mwagia maji gari zima kabla ya kuligusa. Mwagia kwa muda, kuanzia paani kushuka chini, ili chembe zijitoe zenyewe. Najua maji kwetu ni mali. Mombasa hupata maji yake kutoka mbali, kama vile chemchemi za Mzima kule Tsavo ambazo bomba lake lililazwa katika miaka ya 1950, na hata hivyo wengi wetu hununua kwa mitungi ya lita 20 kutoka mkokotenini. Huna haja ya mpira wala mashine. Kifuniko cha mtungi kitoboe matundu madogo madogo, na mtungi mmoja utanyesha juu ya gari kama mvua ya rasharasha. Kwa mitungi mitatu au minne kazi hukamilika.

Tatu, tumia ndoo mbili. Moja iwe ya maji ya sabuni, nyingine iwe ya maji matupu. Kitambaa kikishapita mlangoni kisirudi kwenye sabuni na mchanga wake. Kwanza kikatubu katika ndoo ya maji matupu, ukikamue, ndipo kichovye sabuni tena. Mwenye ndoo moja huutoa mchanga mlangoni akauhifadhi ndooni, kisha akaurudisha kwenye boneti.

Nne, sabuni. Sabuni ya unga ni kali, huondoa nta yote, na punje zake zisipoyeyuka ni mchanga mwingine. Ya vyombo nayo huondoa nta. Tafuta sabuni ya majimaji ya magari. Kifuniko kimoja au viwili katika ndoo chatosha.

Tano, kitambaa. Fulana kuukuu ina mishono. Sponji ya kawaida uso wake umelala, hivyo chembe hubaki kati yake na klia. Bora ni glavu ya manyoya au kitambaa cha nyuzi ndogo ndogo kiitwacho maikrofaiba, kwa kuwa chembe huzama ndani ya manyoya ikaacha kusaga. Vitambaa hivyo vifuliwe peke yake, mbali na pamba, wala visitiwe dawa ya kulainishia nguo. Na kitambaa kikianguka chini, hata mara moja, kimekufa kwa siku hiyo. Usikikung'ute ukaendelea. Kiweke kando, kifuliwe.

Sita, anza juu ushuke chini. Paa, vioo, boneti na buti, sehemu ya juu ya milango, kisha ya chini, kwani mchanga mwingi uko chini karibu na magurudumu. Pitisha mkono kwa mstari ulionyooka, usizungushe, wala usikandamize. Uzito wa kitambaa chenyewe watosha. Magurudumu yana ndoo yake na tambara lake, navyo visichanganyike na vya mwili wa gari abadan.

Saba, suuza, halafu kausha kwa taulo kubwa laini. Lilaze juu ya boneti, livute taratibu, au libonyeze kidogo linywe maji. Usisugue. Ulikwisha kufanya mema yote, usiyaharibu mlangoni pa kutokea.

Kuna na maadui wawili wasiongoja siku ya kuosha. Wa kwanza ni kunguru, ambao mji wetu unao wa kutosha. Kinyesi chao kikipata jua huila klia na kuacha doa la kudumu. Wa pili ni utomvu wa miti, maembe hasa. Vyote viwili ukiviona usivikwangue. Laza juu yake kitambaa kilicholowa maji, kiache dakika chache kilainike, kisha kiinue. Ni maji kwanza hapo pia.

Nta ya mtende wa mbali

Watu huchanganya polishi na nta, na hapo wengi hudanganyika. Polishi ya kukata, ile ambayo mafundi huitumia kwa mashine na kusema "kubafu", ina chembe ndogo sana za kusaga. Huondoa mikwaruzo kwa kuipunguza klia yenyewe mpaka uso uwe sawa na kina cha mkwaruzo. Kila unapobafu, klia hupungua, wala hairudi. Gari la mtumba huenda lilibafuliwa Japani kabla ya kupakiwa melini, na likabafuliwa tena hapa ili livutie wateja. Kwa hiyo polishi ni dawa ya ugonjwa, nayo hainywewi kila wiki.

Nta yenyewe haikati kitu. Huongeza tabaka jembamba juu ya klia, maji yakateleza, uchafu usishike sana, na weusi ukapata kina. Nta mashuhuri kwa kazi hii ni kanauba, inayotoka katika mtende uotao kaskazini mashariki mwa Brazili, ambao wataalamu huuita Copernicia prunifera. Majani yake hujivika nta ili kuzuia unyevu usimtoke wakati wa kiangazi. Wakulima huyakata, huyaanika juani, huyapiga, na unga wa nta ukapukutika, wakauyeyusha. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 hivi za Selsiasi, lakini kanauba hustahimili mpaka nyuzi 80 na ushei. Na boneti nyeusi katika jua letu la Februari haikuruhusu ulaze kiganja. Sisi tuliokulia chini ya minazi, tukaezeka kwa makuti yake, yatupasa tuwatambue wenzetu wa Brazili. Nao huishi kwa majani ya mti wa jamaa hiyo hiyo.

Paka nta baada ya kuosha na kukausha kabisa, kivulini. Kabla ya hapo pitisha vidole kwa wepesi juu ya boneti. Ukihisi vipele, kuna uchafu ulionatia, na kuna udongo maalumu wa kunata wa kuuondoa, utumiwao pamoja na maji mengi ya utelezi. Kisha chukua nta kidogo, mfano wa kunde moja au mbili, uipake kwa sponji laini sehemu moja moja. Nyembamba mno! Nta nene haizidishi ulinzi, huzidisha taabu ya kuifuta tu. Ingoje mpaka ifanye ukungu, ujaribu kwa ncha ya kidole, na kidole kikiacha mahali safi ndipo uifute kwa maikrofaiba safi, ukiigeuza upande mpya kila mara. Jihadhari isiguse plastiki nyeusi za bampa, kwani huacha weupe usiotoka kirahisi. Kwa jua letu, rudia kila baada ya miezi miwili au mitatu.

Na kila siku je, vumbi likituama? Liache. Hili ndilo gumu kuliko yote, na ndilo lililonishinda mimi. Motokaa yenye vumbi la siku tatu ambayo haikuguswa ni salama kuliko iliyopanguswa kavu kila jioni.

Deni

Yule mzee aliibafu boneti, milango na buti kwa siku mbili. Mikwaruzo mingi ikatoka. Ile mirefu aliikataa. Alisema kwamba akiifuata ataimaliza klia, na mnunuzi atanunua ugonjwa uliofunikwa. Mnunuzi alirudi, tukamweleza yote bila ya kuficha, naye akanunua kwa kupunguza Sh30,000 badala ya themanini. Binti alirudi chuoni. Zile thelathini, pamoja na ujira wa fundi, nililipa mimi kutoka mfukoni mwangu.

Lakini deni lile jingine halilipiki kwa pesa. Nilikwenda Tononoka asubuhi moja, kabla ya wateja kufika. Kijana alikuwa anapanga ndoo zake. Nikahesabu. Zilikuwa mbili, na ya tatu ndogo kando, ya magurudumu. Siku niliyokwenda kumtukana sikuzitazama.

"Shikamoo, mzee," akaniamkia, kama kwamba hapakupita kitu.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukuomba radhi. Mikwaruzo ile ilikuwa ya mkono wangu."

Akatazama chini, kama alivyofanya siku ile.

"Nilijua, mzee. Nilipokuja mara ya kwanza niliiona tayari kwenye boneti."

"Mbona hukusema?"

Akafikiri kidogo. "Ningesema, ungeniamini?"

Sikuwa na jawabu, na mpaka leo sina. Sisi wenye magari humwendea kijana kama huyu tukiwa na haraka, tukataka dakika kumi, tukalalamika akitumia ndoo ya pili ya maji, tukamharakisha aache kusuuza kwa kuwa tunachelewa. Kisha tukiona utando wa buibui tunamtafuta yeye. Wahenga walinena, mwosha huoshwa. Mimi niliiosha motokaa ya kaka yangu vibaya, na mtoto wa watu akaniosha mimi vizuri, kwa swali moja.

Jirani zangu nimewazungukia mmoja mmoja nikawaambia ukweli. Baadhi yao wamerudi kwake. Na kwa kuwa nilimvunjia heshima kwa maneno, naona haki ni kumrudishia kwa maneno, nayo ni haya:

Maji kwanza kumwagika, halafu uje mkono,
Asokuwa na haraka, huvuna mema mavuno,
Weusi hauna shaka, hutoboa kila neno,
Kijana nimetamka: ni wangu mimi mkono.